Kitabu cha Pili Kilichofungia Karanga

Ilikuwa Jumatano, tarehe tatu Mei, saa nne asubuhi, mwanangu Zamoyoni aliponunua karanga pale stendi ya Muheza. Hapo ndipo furaha ilipoingia nyumbani kwetu.

Sikilizeni taratibu. Marehemu mume wangu, Mwalimu Shekue, alikusanya vitabu vya hesabu vya zamani. Alipougua, alikuwa na cha kwanza na cha tatu vya chapa moja ya kale. Cha pili alikitafuta miaka mingi, na aliomba akione kabla hajafa. Mungu alitujalia watoto watatu, watu wazima sasa: Zamoyoni ana macho, Hiza ana ulimi, Mashavu ana mikono.

Zamoyoni alimaliza karanga, akataka kutupa karatasi iliyozifungia. Akaona picha ya mizani, ileile ya kwenye vitabu vya baba yake, na chini yake maneno "Kitabu cha Pili". Akarudi mbio kwa muuza karanga. "Mama, usikichane tena kitabu hicho!"

Akamwita Hiza. Muuzaji akauliza, "Nikikupa kitabu, karanga nifungie nini? Kiganja chako?" Hiza akamletea magazeti, akamchekesha, akapewa. Lakini kurasa nyingine zilikwisha kwenda na wateja. Akapita kwenye mabasi: "Shangazi, karanga tia mfukoni, karatasi nipe mimi. Mzee wangu anaumwa." Watu wakacheka, wakampa. Hakukosekana ukurasa.

"Hiki kitabu au kikaango?" Mashavu aliuliza, maana kurasa zilijaa mafuta na chumvi. Akazinyunyizia unga wa muhogo unyonye mafuta, akaziunga kwa uji mzito, akashona mgongo kwa uzi.

Mwalimu alikipokea kitandani. Akatusomea hesabu ya kugawa nazi, sote tukakosa. "Nyie kweli wanangu?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Vitabu hivi visitenganishwe tena. Vyote apewe mmoja, aliyenirudishia cha pili."

"Yupi, Baba Zamoyoni?" nikamwuliza.

"Hiyo hesabu yenu."

Ijumaa yake akatutoka, kitabu kikiwa kifuani.

Sasa kila wakija kula kwangu wanabishana huku wanacheka. Zamoyoni anasema bila yeye kingekwisha chote kwa karanga. Hiza anasema kingekuwa na mapengo. Mashavu anasema, "Baba angefungua nini, mafuta?" Vitabu bado viko juu ya kabati langu. Mimi mama yao, nashindwa kuchagua. Nanyi mnaonisikiliza, mngempa nani?

Mkiwa mnafikiri, inueni mikono pamoja nami. Ee Mola, mrehemu Mwalimu Shekue, lipanue kaburi lake, litie nuru. Amin.