Somo wa Mtoto wa Shomari

Hapo zamani, mwaka ambao kifaduro kilipita Pangani nyumba hadi nyumba, Mwanatumu alijifungua mtoto wa kike. Wawili waliomtangulia walikuwa wamekufa wachanga. Mumewe, Shomari, akasema mbele ya watu: "Atakayenifikishia huyu siku ya akika, anyolewe na kupewa jina, ndiye atakuwa somo wake. Mtoto nitampa jina lake."

Mize alikuwa akiuza vitumbua mlango kwa mlango. Kila alfajiri alisimama, akanadi, akasikiliza. Mtoto wa nyumba ile akikohoa mfululizo, kisha akavuta pumzi kwa mlio kama jogoo anayejifunza kuwika, Mize alijua kuwa kifaduro kimo. Akaenda kwa Shomari.

"Kwa mshona kofia kipo. Kwa muuza samaki kipo. Leo kimeingia kwa Mwalimu, na watoto wa mtaa mzima hukaa mkekani kwake."

Wenye nyumba hizo walipojua kuwa wametajwa, wakaacha kununua vitumbua vyake. Kesho yake Mize akapita tena, akanadi, akasikiliza.

Sauda, dada yake Shomari, akaweka kiti mlangoni. Nyumba ya mzazi haifukuzi wageni. Yeye akawafukuza wote waliotoka nyumba zilizotajwa. Akaja mke wa mshona kofia, rafiki yake wa tangu utotoni, na bakuli la uji wa mzazi.

"Hodi, shoga!"

"Uji weka hapo. Wewe rudi."

"Unanifukuza mimi, Sauda? Mimi niliyekusuka siku ya harusi yako?"

"Na ulinisuka vibaya. Rudi."

Yule shoga akaondoka, wala hakumsemesha tena.

Kisha akaja Bi Kibibi, mama yake Mwanatumu, kutoka Bweni, ng'ambo ya mto. Mize hakuwahi kufika Bweni, kwa hiyo Sauda akasimama kumpisha.

"Karibu, mama. Mjukuu anakungoja."

Bi Kibibi akakaa barazani. "Mtumbwini nimempakata mtoto wa watu, naye alikuwa akikohoa. Siingii."

"Nani amekuona?"

"Nimejiona mwenyewe."

Akala barazani, akalala barazani, akimwimbia kupitia dirisha mjukuu asiyemwona. Wiki haijaisha, naye akaanza kukohoa.

Siku ya akika ikafika. Mtoto mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa.

Sauda akasema, "Kaka, mpe jina langu. Nimempoteza shoga kwa ajili yake."

"Bila masikio yangu ungemfukuza nani?" akasema Mize. "Ungekaa kwenye kiti chako ukipunga upepo tu."

Sauda akacheka kwa kuwa ni kweli.

Mwanatumu akasema, "Na mama yangu angeingia, je?"

Kutoka barazani Bi Kibibi akakohoa kwanza, kisha akajibu: "Mniache mimi. Nilikaa tu."

Wembe ulikuwa tayari. Shekhe akainama: "Haya, Shomari. Anaitwa nani?"

Nanyi mnaonisikiliza, mtoto yuko mapajani mwenu sasa. Je, ataitwa Mize, Sauda au Kibibi?