Almasi ya Rangi ya Chai

Jua la Kununurra, mji mdogo wa kaskazini mwa Australia, lilikuwa likiwaka kama tanuri Bronwyn alipoivua pete ya uchumba na kuitia mfukoni. Siku tatu kabla, mchumba wake Lachie, mkulima wa matikiti kando ya mto Ord, alikuwa amemvisha pete hiyo. Kito chake kilikuwa almasi ya kahawia. Asubuhi hiyo shangazi yake Bronwyn, Maureen, aliyefika kutoka jiji la Perth kwa ajili ya sherehe ya uchumba, aliitupia jicho mara moja tu akaangua kicheko.

"Mwanangu, almasi ni nyeupe! Hii ni rangi ya chai iliyolala. Au kaipaka rangi?"

Maneno hayo yalimchoma Bronwyn kama mkuki. Jioni Lachie alikiona kidole kitupu. Alichukua kofia yake akarudi shambani, mnyonge kama kuku aliyenyeshewa.

Kesho yake, moyo ukimsuta, Bronwyn alikwenda kwa Bi Noelene, mstaafu aliyechambua almasi za mgodini kwa miaka ishirini. Shangazi akafuatana naye, akitaka maneno yake yathibitishwe.

Bi Noelene aliiweka pete juu ya karatasi nyeupe dirishani, akainama na kioo chake cha kukuzia. Akatabasamu.

"Hii naijua. Haikupakwa kitu. Ilibanwa huko chini ya ardhi hadi ikapindika kwa ndani; hapo ndipo rangi ilipozaliwa. Njoo, Maureen, utazame."

"Mimi sina haja..."

"Tazama kwanza, ndugu yangu, ucheke baadaye!"

Maureen akainama.

"Mbona... mbona ndani kama asali inayowaka?"

Bi Noelene akamgeukia Bronwyn. "Lachie alikuja hapa Jumamosi nne kujifunza kutazama. Nilimwekea na nyeupe achague. Akasema, 'Hizo zinafanana zote. Bronwyn hafanani na mtu.'"

Machozi yakamlengalenga Bronwyn. Hata kuaga hakuaga. Alimkuta Lachie amechutama katikati ya matikiti, akamnyooshea mkono wenye pete.

"Nisamehe, mpenzi. Nilisikiliza kabla sijatazama."

"Na shangazi je?"

"Nimemwacha kwa Bi Noelene. Kakamata kioo, harudishi!"

Lachie alicheka hadi akaketi mavumbini, kisha akamkumbatia kwa mikono yake iliyojaa udongo. Ama kweli wahenga hawakukosea: asiyekujua hakuthamini.