Shujaa Aliyeshindwa na Daraja

Wapendwa, leo nawaomba radhi wazee mapema kabisa. Mfano wangu wa leo hauna shamba, hauna mbegu, hauna kondoo aliyepotea. Una kompyuta. Mzee Chilongola, usinikunjie uso, nitakueleza taratibu mpaka uelewe kuliko wajukuu zako. Na nyie vijana mnaojificha kule nyuma karibu na spika, leo kwa mara ya kwanza hamtasinzia.

Si zamani sana, katika mji wenye vumbi na umeme wa kukatikakatika kama huu wetu, alikuwapo kijana mmoja aliyependa gemu. Si lile la kupiga mpira. Gemu lake lilikuwa hadithi ndefu. Unapewa mtu mmoja humo ndani ya kompyuta, unampa sura, unampa jina, na anaanza maisha hana kitu, hata viatu hana. Halafu unatembea naye nchi nzima. Anapigana na majambazi, anasaidia wajane, anapanda cheo. Ukichoka unahifadhi safari ulipoifikisha, kesho unaendelea palepale. Mnanifuata?

Sasa, watu wanaolipenda gemu hilo hutengeneza vikorombwezo vya kulipamba, vijana wanaviita modi. Unazishusha mtandaoni, unazipachika mwenyewe. Unataka mvua inyeshe kama mvua ya kweli? Kuna modi yake. Unataka farasi mweupe? Ipo. Mmeziona bodaboda zetu pale kituoni? Pikipiki inatoka dukani na vioo viwili. Mwezi haujaisha ina vioo sita, bendera, redio na taa za rangi zote, mpaka abiria anajiuliza injini iko wapi. Basi kijana wetu ndivyo alivyolifanya gemu lake. Akapachika modi juu ya modi. Na zaidi ya yote akaupamba mji mkuu wa nchi ile, ulioko ng'ambo ya daraja la mawe. Akauwekea nyumba nyeupe zenye milango ya kuchongwa, soko lenye vitumbua vinavyofuka moshi, akina mama waliojifunga kanga, hata kanisa lenye kengele.

Na yule mtu wake wa ndani ya gemu alimwita Bwana Radi. Jamani, Bwana Radi! Deraya ya dhahabu toka utosini hadi unyayoni, upanga unaowaka moto, ngome kila bonde. Mtaani wenzake wakaacha jina alilobatizwa, wakamwita Radi. Akipita kwa kinyozi anasikia, "Radi, shikamoo!" Naye, bila haya, anajibu, "Marahaba." Mtoto wa watu ndevu zenyewe hajaota.

Shida ilikuwa moja tu, lile daraja. Bwana Radi akilikanyaga kuingia mji mkuu, kioo cha kompyuta kinaganda, sauti inakwaruza, gemu linajifunga lenyewe. Mtu aliyeua majoka, daraja linamshinda! Mji alioupamba kwa mikono yake mwenyewe, kijana hakuwahi kuuona hata siku moja.

Ndipo bibi yake mzaa mama akaja kutoka kijijini kutolewa mtoto wa jicho. Mnajua bibi na mjukuu wa kiume walivyo kwa utani, ni mtu na mumewe. Siku ile alipofunguliwa bandeji akarudi nyumbani, kitu cha kwanza kukiona sawasawa sebuleni kilikuwa Bwana Radi juu ya farasi mweupe. Bibi akanogewa! Kila mchana wakishakula anavuta kiti.

"Mume wangu, leo tunavuka?"

"Leo tunavuka, mke wangu."

Wapi. Hawavuki. Siku zikaenda hivyo, hadi mchana mmoja bibi akamgeukia akasema, "Sasa sikiliza. Jumamosi narudi kwangu. Kule sina kompyuta, nina mbuzi. Ina maana unanirudisha na macho mapya haya sijauona huo mji unaonisifia?"

Maneno yale yalimwingia kijana. Niseme wazi, nusura alie. Akaapa kwamba bibi yake hapandi basi kabla hajaingia ule mji.

Akaanza kazi. Fungueni masikio hapa. Akaiondoa modi ya mvua. Daraja likagoma. Akaziondoa modi mbili zilizokuwa zikigombania milango ya mji, kila moja inataka kuweka wa kwake. Daraja likagoma. Akapanga upya ipi itangulie na ipi ifuate. Akaazima kompyuta ya mjomba wake, yenye nguvu mara mbili, akahamishia kila kitu. Daraja likagoma kwenye kompyuta ya mjomba vilevile! Mwisho akafuta kila modi yenye kasoro, akabaki na zile zinazopatana tu. Akasafisha mpaka hapakuwa na cha kusafisha. Akampandisha Bwana Radi farasi, akajipa moyo, akakanyaga daraja. Kioo kikaganda.

Niwaulize, ninyi hamjafika hapo? Umeacha pombe. Umehama mtaa. Umebadilisha marafiki, umebadilisha hata kanisa. Lakini ukifika penye daraja lako unaganda palepale ulipoganda mwaka juzi. Mbona?

Ijumaa mchana kijana akamwita rafiki yake, binti mmoja aliyesoma naye, mchezaji hodari wa gemu lilelile. Binti akakaa, akalifungua, akapekua huku na huku.

"Modi zako hazina tatizo," akasema.

"Basi ni kompyuta."

"Kompyuta nayo nzima."

"Sasa tatizo nini?"

Binti akanyoosha kidole, akakigusisha pale penye deraya ya dhahabu. "Tatizo ni huyu."

"Bwana Radi?"

"Ndiyo, huyo huyo. Zile modi mbovu umezitoa kwenye kompyuta, sikatai. Lakini yeye alishakula nazo, akalala nazo. Kila ulipohifadhi safari yake, ulihifadhi na uchafu wao humo humo ndani yake. Sasa akifika darajani, mji ukianza kufunguka, yeye anadai vitu vilivyokwisha kufutwa. Gemu linavitafuta, halivioni, linaanguka."

"Basi tumsafishe."

"Huyo hasafishiki. Anza upya. Mtu mwingine kabisa, asiye na kitu."

Kijana akaruka kama aliyemwagiwa chai ya moto. "Nimfute Bwana Radi? Unajua nimehangaika naye kiasi gani? Ngome zote zile? Heshima yote ile? Kama ni hivyo bora nisivuke!"

"Basi usivuke," binti akasema. Akachukua mkoba wake, akaaga, akaenda zake.

Mnaona alivyokuwa radhi? Alikuwa tayari kufuta milango ya mji, kufuta mvua, kubadilisha kompyuta. Kila kitu alikuwa tayari kukiondoa, ila yule mkubwa aliyekaa juu ya farasi. Kwa nini? Kwa sababu yule ni yeye.

Bibi alikuwa amesikia yote. Akasogeza kiti. "Mume wangu, mimi nikwambie ukweli, huyo Bwana wako nimeshamchoka. Kujisifu kwingi, na daraja tu linamshinda. Kama hawezi kuvuka, nitafutie anayeweza."

Kijana akacheka, lakini kile kicheko kilimuuma. Akakaa pale, mkono juu ya kipanya, mkono hautaki. Akamwangalia Bwana Radi na dhahabu yake yote. Akamwangalia bibi yake na mfuko wake wa safari uliokwisha fungwa mlangoni. Halafu akabonyeza. Anza upya.

Gemu likauliza, unataka kuwa nani? Kijana akamgeukia bibi.

"Weka mwanamke," bibi akasema. "Mzee. Ongeza mikunjo. Mbona unaona haya? Ongeza! Meno punguza. Ehee. Na jina weka langu."

Basi akatokea bikizee mmoja porini, pekupeku, kajitanda kipande cha nguo, ana fimbo tu mkononi. Farasi hana. Upanga hana. Wakaanza safari. Wakakutana na mbwa mwitu, wakajitupa kwenye majani, bibi anapiga kelele kitini, "Lala chini, mama! Lala!" Wakafika penye walinzi, wale wale waliokuwa wakimwinamia Bwana Radi, na mmoja akasema, "Pisha njia, bibi kizee." Kijana ikamchoma hiyo. Bibi akamwambia, "Pisha, mume wangu, pisha. Tuna safari." Wakapisha, wakaendelea.

Wakalifikia daraja. Kijana akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Unangoja nini?"

"Naogopa, mke wangu."

"Kwani tuna nini cha kupoteza? Fimbo?"

Akabonyeza. Bikizee akaweka mguu kwenye jiwe la kwanza. Kioo kikatikisika. Kijana akafumba macho. Akasubiri ile sauti ya kukwaruza, haikuja. Akafumbua jicho moja. Bikizee alikuwa katikati ya daraja, anatembea! Anatembea pole pole na fimbo yake, maji yanapita chini, na mbele yake lango la mji likafunguka pande zote mbili.

Mji ule, ndugu zangu! Zile nyumba nyeupe zilikuwapo. Ile milango ya kuchongwa ilikuwapo. Vitumbua vinafuka moshi, akina mama kwenye kanga zao wanapita, na kengele ya kanisa ikagonga kama vile ilikuwa inamsubiri yeye. Hakuna kilichoganda, hakuna kilichoanguka. Bibi akasimama kitini na macho yake mapya akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kuna harusi gani. "Tumevuka!" anawaambia. "Njooni mwone, tumevuka!" Na kijana, yule Radi wa mtaani, alikuwa amekaa sakafuni analia kwa furaha kama mtoto, wala hakumkumbuka Bwana Radi hata kidogo.

Mnapiga makofi. Asanteni. Sasa yazuieni kidogo, maana hamjajua nilikuwa namsema nani.

Mlidhani namsema mlevi aliyeko nje pale. Hapana. Mlevi yule fimbo hana, sembuse farasi. Nilipoutunga mfano huu nilikuwa naangalia viti hivi vya mbele. Nilikuwa naangalia mimbari hii. Sisi ndio tuliosafisha kila kitu. Matusi tumeacha, ngoma za usiku tumeacha, majirani wabaya tumewakimbia. Modi zote mbovu tumefuta. Lakini tukifika penye daraja, yaani penye mtu tuliyekosana naye, tunaganda. Tunaganda kwa sababu tunakwenda tumepanda farasi.

Msikilize mtu wa kanisa anapokwenda kupatana. "Mimi kama mkubwa wako nimeamua kukusamehe." Hiyo ni deraya. "Mimi niliyekusomesha." Hiyo ni ngome. "Mimi sina neno, ila nakumbuka siku ile ulivyonifanyia." Ile siku si ulisema umeisamehe? Si ilifutwa? Basi mbona bado unaidai? Huyo anayeidai ndiye Bwana Radi, na hata tukimwombea mwaka mzima hasafishiki. Anatakiwa kushuka, abaki nyuma, na avuke mtu mwingine asiye na kitu cha kudai.

Na mji upo! Msidhani nawatisha, nawapa habari njema. Nyumba yenye amani ipo. Ndugu wanaokula sahani moja wapo. Vyote mlivyoviombea machozi miaka yote viko ng'ambo pale, vizima, havina hitilafu hata moja. Mungu hajazuia kitu.

Kwa hiyo leo sitafunga kwa sala kwanza. Humu ndani kuna mke na mume walionuniana tangu Pasaka, wamekaa benchi moja na katikati yao wameweka mkoba. Kuna ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja dirisha lile, mmoja dirisha hili. Msingoje kufika nyumbani, nyumbani farasi wako karibu. Mfuate uliyekosana naye sasa hivi. Usianze na "mimi niliyekuvumilia." Mwite kwa jina lake, mwambie nisamehe, halafu nyamaza. Kama umesahau jinsi ya kulisema, liseme vibaya, litafika.

Mama Nyamizi, toa huo mkoba katikati. Haya wapendwa, vukeni.