Kamba ya Mwenye Ng'ombe

Nimehubiri kuanzia Kigoma mpaka Mombasa, na nimewahi kumzika mtu kwa jina la kaka yake, kaka mwenyewe akiwa amesimama pembeni ya kaburi. Lakini aibu ya mkutano wa kata yetu ilizidi ile. Niliombwa kufungua kwa neno fupi, nami nikamshukuru diwani mpya kwa kutupa kiwanja cha zahanati. Watu wakaguna.

“Katupa lini, Mwinjilisti?” akauliza Mama Nakijwa, ambaye binti yake alifia njiani akipelekwa kujifungua. “Kiwanja tulikitoa sisi, kwenye mashamba yetu. Yeye tangu ashinde anataka kujenga maduka hapo.”

Nilikuwa nimerudi safari juzi tu. Habari hizo sikuzijua. Kabla sijaharibu zaidi, nikawapa mfano.

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja, na miguu yake haikuweza tena kupanda mlima kukata majani. Akatafuta wa kumtunzia, kama ilivyo desturi ya huku kwetu: mtunzaji hunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe huondoka na kamba ya mwenyewe. Kamba hiyo haibadilishwi, maana ndiyo humtambulisha mwenye mali. Ikikatika, huungwa.

Majirani wengi waliomba. Mmoja alikuja kila asubuhi na mzigo wa majani kichwani, akimwita yule mzee baba, akimwulizia hata kikohozi chake. Akapewa yeye.

Majani yakakoma kupita pale kwa mzee. Salamu nazo zikakoma. Kwa mtunzaji likajengwa zizi zuri lenye mlango, na watu waliopita njiani wakaanza kusema, ng'ombe wa fulani kanenepa. Naye hakuwasahihisha.

Mwaka ule mjukuu wa mzee akaugua. Mzee akachukua kibuyu, akajikokota mpaka kule kuomba maziwa ya mtoto. Akaambiwa asubiri nje, maana mwenyeji ana wageni. Akasubiri mpaka jua likageuka. Alipofunguliwa hakutazama maziwa, wala zizi. Alitazama shingo ya ng'ombe. Ilikuwa na kamba mpya, nyekundu, ya dukani.

Kibuyu kikamwanguka mkononi. Akauliza neno moja tu: “Kamba yangu iko wapi?”

Nikaishia hapo, nikaketi.

Diwani akasimama, akarekebisha koti. Si mtu mbaya. Nilimfundisha kipaimara mimi mwenyewe, kwa hiyo lawama tugawane. “Mwinjilisti, nimekuelewa,” akasema. “Lakini ndugu zangu, si mlinichagua ili niamue?”

Mama Nakijwa hakuinuka hata kwenye benchi.

“Tulikuchagua ulishe, mwanangu. Rudisha kamba.”