Kiboko Aliyesukuma Gari la Pimbi

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Mbona mnaitika kama mmeshinda shambani? Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo, tumekaa tunakusubiri!

Haya. Na mimi nimechoka, kwa hiyo nitasimulia nimeegemea ukuta.

Hapo zamani wanyama walikuwa na Chama cha Magari ya Kale. Kila mwaka walikutana kiwanjani ng'ambo ya Kilima Kipara, wakayapanga magari yao, wakayasifu, wakala pilau. Pimbi alikuwa na gari alilorithi kwa marehemu mama yake, gari zee, milango imefungwa kwa kamba. Miaka miwili mfululizo lilishindwa kukipanda kile kilima. Mama Kanga, mwenyekiti, alikwisha sema: lisipofika safari hii kabla ya jua kutua, jina la mama yake Pimbi litafutwa chamani. Tangu asikie hayo, Pimbi hakupata usingizi mzuri.

Akamwomba rafiki yake Kobe wasafiri pamoja. Wakafunga ndizi na maandazi. Kabla hawajaondoka, Kiboko akatokea, akafungua mlango, akajitupa kiti cha nyuma. Gari likalia nyiii!

"Nimesikia huko kuna pilau," akasema. "Twendeni, wadogo zangu. Likizima nitasukuma mimi."

Nani angemtoa Kiboko kitini? Wakaondoka.

Kwata-kwata-kwata... puu! Gari likazima. Pimbi akashuka. Kobe akashuka. Kiboko hakushuka, alikuwa anakula ndizi.

"Mzee, si ulisema utasukuma?" akauliza Pimbi.

"Tumbo halijatulia. Anzeni ninyi."

Wakasukuma. Kwata-kwata-kwata... puu! Pimbi akashuka. Kobe akashuka. Kiboko hakushuka, alikuwa amefikia maandazi.

Wakasukuma tena, mpaka chini ya Kilima Kipara. Puu! Pimbi akashuka. Kobe akashuka, akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Ndugu yangu, mimi basi," akasema humo humo. "Niache hapa, utanipitia ukirudi."

Pimbi akakitazama kilima. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Mgongo ulimuuma, akatamani kulia. Na kilichomchosha kuliko gari ni kule kutafuna kwa Kiboko. Akaliangalia buti la nyuma ya gari, limejaa vumbi, viganja vyake na vya Kobe vimejichora juu yake. Kisha akasema kwa sauti:

"Kobe, inuka tusukume. Unajua Mama Kanga hukagua viganja kabla pilau haijapakuliwa. Mwenye viganja vingi kwenye gari huitwa mbele, peke yake, wote wakimtazama."

Ndani ya gari, kutafuna kukakoma.

"Peke yake?" akauliza Kiboko.

"Peke yake, mzee."

"Kabla ya pilau?"

"Kabla ya pilau."

"Na mwenye viganja vidogo vidogo?"

"Huyo atakaa na wenzake tu."

Nyiii! Kiboko huyo chini. Akalifuta buti kwa tumbo, fyaa! Viganja vya Pimbi na Kobe vikapotea. Kisha akachovya mikono kwenye tope la kando ya njia, ili vyake vionekane vizuri.

"Asiguse mtu!" akanguruma. "Ingieni ndani mkae. Atakayegusa nitamkanyaga."

Pimbi akashika usukani. Kobe akakaa kiti cha nyuma, akanyoosha miguu. Kiboko akasukuma, hii! hii! hii! Kila alipopumzika, alibandika kiganja cha tope mlangoni, kingine kwenye boneti. Walipofika kileleni gari likateremka lenyewe, injini ikawaka, kwata-kwata-kwata! Kiboko akabaki nyuma anahema.

Wakaingia kiwanjani Mama Kanga akiita majina.

"Gari la marehemu mama yake Pimbi, lipo?"

"Lipo!" akajibu Pimbi.

Mara Kiboko akafika mbio, jasho linamtiririka. "Viganja ni vyangu! Vyote! Vya wengine nimevifuta!"

Mama Kanga akalizunguka gari taratibu. "Vyako kweli?"

"Vyangu!"

"Na gari ni lako?"

"La Pimbi."

"Basi pita mbele, wote wakuone. Sheria ya chama ni moja: anayechafua gari la mwenzake kwa viganja vyake huosha magari yote kabla hajala. Mpeni ndoo."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, Kiboko akaosha.

"Pimbi, umenidanganya!"

"Nilisema utaitwa mbele peke yako, mzee. Hukuitwa?"

Alipomaliza gari la mwisho, masufuria yalikuwa matupu, nayo yakisubiri kuoshwa. Pimbi mwenyewe alikuwa amesinzia kwenye sinia, tonge mkononi, amechoka hata kutafuna.

Funzo? Funzo ni hili, wanangu: hila haifai hata kidogo. Pimbi alifanya hila, akapata nini? Jina la mama yake likabaki chamani, rafiki yake akapanda kilima amekaa, na pilau ikaletwa. Basi, hayo tu. Nani mwenye akili atajisumbua kwa hayo?

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe aende nayo, mimi nalala.