Kamera Iliyotiwa Motoni

Paukwa!

Pakawa!

Sogezeni miguu, wanangu. Moto huu mnaoota una kisa.

Hapo zamani za kale, juu milimani, kipupwe kilikuwa kikali. Umande uliganda majanini kama chumvi. Meno ya watu ka-ka-ka! ka-ka-ka! Na jumbe akapiga marufuku kuokota kuni.

"Msitu ni wangu," alisema. "Kuni hata mimi sina. Nalala na baridi kama nyie."

Alikuwapo Mzee Shemdoe, mpiga picha. Alipiga picha za wachota maji, alipiga za wachunga mbuzi, blanketi mabegani. Kabla hajamshika mtoto kidevu, alipasha vidole vyake kwapani kwanza. Ndivyo alivyompiga picha Mbelwa, mwana wa Sangiwa, kando ya ua wa jumbe, mtoto akicheka.

Picha haijasafishwa bado, baridi ikaingia kifuani mwa Mbelwa. Mtoto akafa.

Sangiwa akaja mbio. "Babu, nipe uso wa mwanangu. Sina kingine."

Mzee akaingia kibandani kwake, kibanda cha giza, nyufa zimezibwa kwa tope. Akatia kioo cha picha kwenye dawa. Akatikisa, chwa-chwa. Kimya. Akatikisa, chwa-chwa. Kimya.

"Dawa imepoa mno," akaita. "Isipopata joto upesi, uso utapotea!"

Sangiwa akakimbilia kwa jumbe. "Ukuni mmoja tu, nipashe maji ya picha ya mwanangu."

"Sina! Na aliyekufa hasikii baridi."

Akarudi mikono mitupu, akayasema maneno hayo.  Mzee akatoka, akashika shoka. Kamera yake ya mbao, iliyomlisha tangu ujana, pa! pa! pa! Akawasha moto, akaitia humo, akateleka maji. Maji yakachemka. Akayaingiza gizani, akaweka bakuli la dawa juu yake. Chwa-chwa.

Mbelwa akatokea.

Mzee akauhamishia uso ule kwenye karatasi, watu wakajaa kutazama. Mtoto anacheka. Na nyuma yake, lango la jumbe li wazi, kuni zimepangwa hadi darini!

Siku ya kupiga picha, Mzee alimtazama mtoto tu, kuni hakuziona.

Jumbe akafika, anahema. "Leteni hiyo karatasi niichome!"

Sangiwa akaikumbatia. "Kumbe moto unao?"

Watu wakanguruma. Ua ukaenda chini, pu! Kuni zikagawanywa, kila nyumba ikafuka moshi. Nyumba ya Sangiwa pia ilifuka, lakini moto wa kumpasha nani?

Shemdoe hakupata kamera nyingine. Ila hadi leo kipupwe kikiingia, tunaulizana mlango kwa mlango: una ukuni?

Wanangu, anayeficha moto mtoto akitetemeka, msimwite mkubwa.

Hadithi yangu inakomea hapa. Ongezeni ukuni, mkamwite na jirani.