Nguo ya Dawa Iliyokaa Kabatini

Wapendwa, hili sikusimuliwa. Nililiona kwa macho yangu haya mawili, nikiwa nimelazwa wodi ya walioungua, mguu umefungwa bandeji nene kama gogo la mnazi. Daktari mwenyewe alikiri hajapata kumtibu mgonjwa mwenye macho makali kama mimi. Kwa hiyo anayetaka kubisha, anisubiri nje.

Wodini mle kulikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, mwenye mkono mwepesi. Akikubandua bandeji, hujui imetoka saa ngapi. Basi siku moja wageni wakaleta sare za aina mpya, kila muuguzi na yake moja. Wakaeleza kwamba kitambaa kile kimetiwa dawa huko kiwandani, kijidudu kikitua juu yake hakikai kikazaliana. Mikono mtanawa vilevile, wakasema, na nguo mtaifua kwa sabuni; ila mkitoka kitanda hiki kwenda kile, hamtabeba uchafu wa huyu kumpelekea yule kirahisi kama zamani.

Muuguzi wetu aliipenda nguo ile mpaka ikamtia hofu. Ya buluu, laini kama kanga iliyozoea maji. Nanyi mnatujua tulivyo. Glasi nzuri zinakaa kabatini zikimngoja mgeni, sisi wenye nyumba tunakunywa kwenye kikombe cha plastiki chenye ufa. Naye akaitundika kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Wakija wakubwa kukagua wodi, anaivaa. Mwenyewe alitusimulia kwamba aliivaa hata kwenye harusi ya binti wa dada yake, na mashangazi wakawa wanaipapasa wakiambiana kuwa hii ina dawa, kana kwamba mafua yangeona haya kuingia ukumbini. Siku za kazi alivaa sare yake ya zamani.

Sasa akaletwa bibi mmoja muuza maandazi. Karai la mafuta lilikuwa limempindukia begani, kifuani na mikononi. Daktari akaagiza ainuliwe kila asubuhi akae, la sivyo kifua kitajaa makohozi, na huenda tukampoteza. Lakini mtu aliyeungua mikono hawezi kujivuta. Ni lazima umkumbatie, kifua kwa kifua, umnyanyue.

Aproni za plastiki zilikuwa zimekwisha stoo. Muuguzi akaitazama sare yake, iliyokwisha kuegemewa na wagonjwa wengine tangu alfajiri. Akalitazama lile bega bichi. Akaogopa. Akamsihi bibi ajitahidi mwenyewe, akampangia mito, akamshika kwa ncha za vidole kama mtu anayeepua sufuria ya moto. Bibi hakuinuka. Kesho yake hivyo hivyo, na kifua kikaanza kukoroma.

Ndipo bibi akamuuliza taratibu, "Mwanangu, nanuka?"

Muuguzi akaishika sare yake kifuani. "Hapana, bibi yangu. Ni nguo hii. Imegusa wengi, nitakutilia uchafu kwenye kidonda."

"Na ile ya buluu uliyovaa walipokuja wakubwa?"

"Ile naitunza, bibi. Nikiivaa kazini itachakaa."

Bibi alikohoa, akapumzika kidogo. "Mie mbona nimeshachakaa," akasema. "Tutafaana."

Asubuhi iliyofuata muuguzi aliingia wodini na ile ya buluu. Akanawa mikono mpaka viwiko, akainama, akapitisha mikono mgongoni mwa bibi, akamvuta kifuani kwake. Bibi akainuka, mwepesi kama kapu tupu. Akaegemeza kidevu, akakohoa mpaka kifua kikafunguka, akavuta pumzi ndefu. Dawa ya kidonda ikailowesha ile nguo, doa la manjano, kubwa kama kiganja. Muuguzi hakulitazama. Alibaki ameinama vile vile, mgongo unamuuma, maana bibi alikuwa anapumua vizuri na hakutaka kumkatiza.

Ndugu zangu, mnaona? Nguo iliyofumwa kwa ajili ya vidonda, ilikuwa inalindwa isikutane na vidonda.

Na sisi je? Tumevikwa huruma, hatukuinunua. Jumapili tunaivaa ikiwa imepigwa pasi, tunapeana nayo mikono humu kanisani. Jumatatu tunaitundika. Halafu mlevi wa jirani, binti aliyerudi kwao na mimba, mzee anayejikojolea, hao tunawashika kwa ncha za vidole. Tunamtunzia nani? Huruma isiyo na doa, wapendwa, haijafika kazini.

Nimesema niliyaona yote, na ya wodini niliyaona. Ila moja nimelitia mimi. Bibi hakuuliza kama ananuka. Alijinusa bega, akageuzia uso ukutani, na muuguzi akamwona. Swali nimempa mimi. Maana wale tunaowashika kwa mbali hawatuulizi. Wanajinusa tu, wananyamaza.